"Hata Mama Yako Alikuwa Hivyo": Urithi na Maumivu ya Hedhi kwa Wasichana

Hotuba kwa matroni wa mabweni, walimu walezi na wazazi

Ndugu matroni, walimu walezi, wazazi mliofika, na ninyi mabinti wa kidato cha tano na cha sita mlioketi huko nyuma karibu na mlango: habari za mchana.

Kuna sentensi ambayo kila mmoja humu ndani ameisema au ameambiwa: "Vumilia, hata mama yako alikuwa hivyo." Mara nyingi ni kweli tupu. Tatizo ni mahali inapowekwa. Nyumbani na bwenini huwekwa mwisho. Ikishatamkwa, mazungumzo yamefungwa na msichana anageukia ukutani. Hospitalini sentensi hiyo hiyo ni ya kuandikwa mapema kwenye faili, kwa sababu inamwonyesha mganga pa kuanzia kuchimba. Leo tunaomba muihamishe kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Mtaani maumivu haya huitwa chango, na wazee husema chango hutembea katika ukoo. Kuhusu ukoo hawakukosea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalipima mambo yanayoongeza uwezekano wa maumivu ya hedhi. Mengi, kama vile msongo wa mawazo, uwiano wake, yaani namba inayoonyesha uwezekano unaongezeka mara ngapi kwa makadirio (1 ni hakuna tofauti), ulikuwa wa wastani, kati ya 1 na 4. Historia ya familia peke yake ilianzia 3.8 na kufika 20.7, kutegemea utafiti. Hakuna swali jingine la dakika moja linalompa matroni taarifa nzito kiasi hicho.

Lakini kuonekana katika familia hakutoshi kusema ni damu. Familia hula chungu kimoja, hulala nyumba moja, na binti hujifunza namna ya kuugua kwa kumtazama mama yake. Ndiyo maana watafiti hugeukia mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vile vile. Mapacha wasiofanana hushirikiana nusu kwa wastani, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote wamelelewa nyumba moja. Ikiwa maumivu ya pacha mmoja yanafuatana na ya mwenzake zaidi kwa wale wa kufanana, ziada hiyo inatokana na vinasaba. Australia walifuatilia mapacha wa kike kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kuwa karibu asilimia 55 ya tofauti za maumivu ya hedhi zilielezwa na urithi.

Tafadhali tusiisome vibaya namba hiyo, maana husomwa vibaya hata na wenye shahada. Haisemi kwamba binti wa mama aliyeumia ana asilimia 55 ya kuumia. Haisemi pia kwamba katika maumivu ya binti mmoja, nusu na ushee ni ya mama na iliyobaki ni yake. Inazungumzia tofauti baina ya wanawake wengi: kwa nini huyu anaendelea na somo la hisabati na yule amejikunja sakafuni. Zaidi kidogo ya nusu ya tofauti hiyo imo katika vinasaba. Inayobaki ni nafasi ya kufanya kazi, na hata ile ya urithi inatibika. Macho yasiyoona mbali hurithiwa pia, na hakuna anayemnyima mtoto miwani kwa kuwa baba yake naye alikuwa haoni ubaoni.

Na hapa tunafika kwa shangazi. Watu wengi wakiulizwa historia ya familia hutaja mama, dada, bibi mzaa mama na mama wadogo, kisha wanyamaze. Binti hupata nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa baba. Baba hana mji wa mimba wa kuuma, kwa hiyo anabeba urithi huo kimya kimya na kuukabidhi. Upande wake unaonekana kwa shangazi na kwa bibi mzaa baba. Msichana ambaye mama yake hajawahi kulalamika anaweza kuwa na shangazi watatu waliokuwa wanazimia kila mwezi, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Tuangalie sasa kinachouma. Kila mwezi yai likipevuka na mimba isitunge, homoni ya projesteroni hushuka. Utando wa ndani wa mji wa mimba huanza kuvunjika na kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huamuru msuli ujikaze. Kwa msichana mwenye maumivu makali, mgandamizo ndani ya mji wa mimba unaweza kupita milimita 150 za zebaki. Mkumbuke kipimo cha presha mkononi: 120 ndiyo presha ya juu ya kawaida ya mishipa. Msuli ukijikaza kupita presha ya damu inayouhudumia, damu haiingii, na msuli uliokosa damu hulia kama mguu ulioshikwa na mkakamao. Prostaglandini hizo hizo zikiingia kwenye damu hutikisa utumbo na tumbo la chakula, ndipo panapotoka kuhara na kutapika. Binti anayetapika siku ya kwanza hajala kitu kibaya, na wala si lazima awe na mimba.

Mizunguko ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mara nyingi haina yai lililopevuka, kwa hiyo haiumi sana. Maumivu ya kawaida huanza miezi 6 hadi 24 baadaye. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa mzima kidato cha kwanza anaweza kuanza kulala kitandani kidato cha pili. Matroni akasema, "Mwaka jana mbona hukuwa hivi? Umejifunza kudeka." Hajajifunza kudeka, mayai yameanza kupevuka.

Ni vinasaba gani basi? Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya wanawake 11,891 wenye asili ya Ulaya, na alama iliyofuatana na maumivu makali ilikuwa kwenye kromosomu namba 1, jirani na jeni liitwalo NGF. Mwaka uliofuata watafiti wa China, kwa sampuli ya watu 6,770, wakaikuta sehemu hiyo hiyo, pamoja na nyingine ndani ya jeni la ZMIZ1. Mabara mawili, maabara tofauti, na kidole kikaangukia pale pale. Katika kazi hii, ambako vitafiti vidogo vya watu mia moja mia moja vimetangaza majeni mengi ambayo baadaye hayakuonekana tena, kurudiwa hivyo ndiko kunakotupa imani.

NGF ni protini inayokuza nyuzi za neva, hasa zile zinazobeba maumivu, na kuzifanya ziwe nyepesi kushtuka. Walioigundua, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Nguvu yake inaonekana vizuri pale inapoharibika: kaskazini mwa Uswidi ipo familia iliyorithi hitilafu katika jeni hilo, na waliorithi kutoka pande zote mbili huvunjika mifupa na kuharibika viungo bila kuhisi maumivu yaliyopaswa kuwaonya. Sasa rudini bwenini. Wasichana wawili, damu sawa, msuli unajikaza sawa, na mmoja neva zake zimeumbwa kusikia zaidi. Huwezi kujua kwa kuwatazama, na pedi zao haziwezi kukuambia.

Tunaulizwa kila mara kama kipo kipimo cha vinasaba cha kumpima binti mapema. Unatema mate kwenye kichupa, unalipa, unaletewa ripoti yenye rangi. Tusipoteze fedha hiyo. Kila alama iliyopatikana inasogeza uwezekano kidogo tu, na alama hizo zilichaguliwa kwa Wazungu na Wachina. Vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi kuliko vya bara lingine lolote, na alama inayofuatana na jeni fulani kule inaweza isifuatane nalo hapa. Swali la shangazi ni la bure na linasema zaidi.

Yapo magonjwa matatu ambayo hurithiwa na hujificha nyuma ya sentensi ile ya "hata mama yako". Haya ndiyo yanayotufanya tusikubali ifunge mazungumzo.

La kwanza ni endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata takribani asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tafiti za mapacha za Australia na Uswidi ziliweka mchango wa urithi karibu nusu. Mwaka 2023 uchunguzi wa wanawake zaidi ya 60,000 wenye ugonjwa huu uliorodhesha maeneo 42 ya vinasaba, na baadhi yake ni yale yale yanayohusika na kipandauso na maumivu sugu ya mgongo. Kwa hiyo ukiuliza familia, uliza na vichwa. Maumivu ya endometriosisi huzidi mwaka hadi mwaka, hutangulia damu kwa siku kadhaa, na huja wakati wa kwenda haja kubwa au ndogo. Kosa linalorudiwa ni hili: binti anapigwa ultrasaundi, inaandikwa "kawaida", anaambiwa hana kitu. Vidonda vya awali vya wasichana ni vidogo na vyembamba, ultrasaundi ya kawaida haivioni. Picha safi haimalizi shauri.

Na ile ahadi ya "ukizaa litaisha"? Wapo wanaopata nafuu baada ya kuzaa. Lakini endometriosisi inaweza kuchelewesha mimba yenyewe, kwa hiyo umemwandikia mgonjwa dawa ambayo ugonjwa wake unamzuia kuipata.

La pili ni magonjwa ya damu kutoganda. Mwaka 1926 daktari Erik von Willebrand aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland, Finland, ambamo watoto na wanawake walivuja damu kupita kiasi. Binti aliyemchunguza alifariki akiwa na miaka 13, kwenye hedhi yake ya nne. Ugonjwa huo sasa una jina la daktari huyo, na aina zake nyingi hupita kutoka kwa mzazi mmoja tu, awe mama au baba. Dalili zake bwenini: damu inayopita siku 7, pedi inayolowa kila saa, mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 200, damu ya pua isiyokatika kwa dakika 10, ufizi unaotoa damu. Mabonge yanapopita kwenye mlango wa mji wa mimba huuma sana, ndiyo maana binti hulalamikia tumbo badala ya damu. Na hapa dawa yetu ya kawaida ni mtego: ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hulegeza uwezo wa chembe sahani kugandisha damu. Binti huyu asipewe kabla hajapimwa. Kwa wakati huo paracetamoli ndiyo salama.

La tatu tunalijua hapa nyumbani, hasa Kanda ya Ziwa na Pwani: seli mundu. Kwa mwenye ugonjwa huo hedhi inaweza kuamsha shambulio la maumivu ya mgongo, miguu na kifua, na wengi humhesabia ni chango. Maumivu ya mfupa siku za hedhi si tumbo la hedhi. Anywe maji mengi, apate joto, na akiwa na homa ya nyuzi 38 au maumivu ya kifua apelekwe hospitali usiku huo huo. Dawa za jamii ya ibuprofeni apewe kwa maelekezo ya kliniki yake, kwa sababu figo za seli mundu huharibika mapema.

Haya, tuje kwenye kabati la dawa, maana hapa ndipo mambo mengi huharibikia.

Ibuprofeni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Inazuia kutengenezwa, zile zilizokwisha kutengenezwa haiziondoi. Kwa hiyo saa ya kuinywa ni muhimu kuliko jina la kiwanda. Msichana ambaye mzunguko wake unatabirika aanze jioni ya kabla ya damu. Asiyetabirika aanze dalili ya kwanza, hata kama ni maumivu ya 2 kwa 10. Akisubiri hadi yafike 8, kidonge kinakutana na ghala lililojaa, na mara nyingi anakitapika kabla hakijayeyuka.

Dozi kwa mwenye kilo 40 na kuendelea ni miligramu 400, yaani vidonge viwili vya 200, baada ya chakula, kila saa 8: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Miligramu 1,200 kwa siku, zisizidi, kwa siku 2 hadi 3. Kidonge kimoja cha 200 kwa siku, ambacho ndicho kinachotolewa katika shule nyingi kwa nia njema, ni nusu dozi moja kati ya tatu. Kisha tunasema dawa haimfai. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hii wasipewe. Diklofenaki na mefenamiki ni ndugu wa ibuprofeni. Kuzichanganya mbili hakuongezi nafuu, kunaongeza vidonda. Paracetamoli inaweza kuongezwa juu yake, kwa sababu njia yake ni nyingine.

Kuhusu ratiba ya saa 5 usiku: tunajua sheria ya kufungia dawa ofisini. Sababu yake tunaielewa. Lakini maumivu yakianza usiku, sheria inayomlazimu msichana kusubiri matroni aamke inaharibu dozi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye kazi. Dozi ya usiku mmoja ndani ya bahasha yenye jina lake, ikatiwa saini jioni, haivunji nidhamu ya shule yoyote.

Urithi unaingia hata kwenye dawa. Ini lina kimeng'enya CYP2C9 kinachosafisha ibuprofeni na ndugu zake meloksikamu na piroksikamu, na wapo waliorithi aina inayofanya kazi polepole; dawa hukaa mwilini mwao muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kutoongeza dozi kwa kukisia. Kimeng'enya kingine, CYP2D6, hugeuza dawa kali ya maumivu iitwayo kodeini kuwa mofini, na kuipa tramadoli, nyingine ya aina hiyo, makali yake. Ethiopia, takribani asilimia 29 ya waliochunguzwa walikuwa na nakala za ziada za jeni hilo, ambazo hugeuza dawa kwa kasi ya hatari. Tramadoli anayopewa binti na rafiki yake "kwa ajili ya tumbo" inaweza kumsinzisha mmoja na kumzuia mwingine kupumua. Si dawa ya hedhi.

Dawa za jamii ya ibuprofeni hazimfai kila mtu hata zikinywewa sawasawa. Katika majaribio yaliyokusanywa pamoja, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 45 hadi 53, dhidi ya 18 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Maana yake wapo wasichana wengi ambao wamefanya kila kitu sawa na bado wanaumia, na hao wanahitaji hatua ya pili, wasilaumiwe. Hatua ya pili ni homoni: vidonge, sindano au vijiti. Hufanya utando uwe mwembamba, na utando mwembamba hutengeneza prostaglandini chache. Wazazi, tunajua neno "majira" linavyosikika nyumbani. Hapa ni tiba ya maumivu, inayotolewa na mganga kwa majaribio ya miezi 3, na haimfanyi binti kuwa tasa. Kabla ya vidonge vyenye estrojeni aulizwe kama ana kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, na kama katika ukoo yupo aliyepata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu akiwa kijana.

Joto tusilidharau kwa kuwa ni la bibi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, iwekwe chini ya kitovu. Katika jaribio moja joto la takribani nyuzi 39 kwa saa 12 lilikaribia sana ibuprofeni. Isiwe ya kuchemka, tunawaona wenye makovu ya kuungua tumboni. Mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara 3 kwa wiki, hupunguza maumivu kwa kiasi cha kuonekana. Si lazima siku ya damu yenyewe.

La mwisho ni daftari. Kurasa tatu, mizunguko mitatu. Mfano wa mstari mmoja: "Jumanne, saa 10 alfajiri, maumivu 3, chini ya kitovu na mapajani. Ibuprofeni 400 saa 10:15, na maziwa. Saa 12 maumivu 2. Pedi 4 leo. Nimeingia darasani." Mstari kama huo una thamani kuliko "anaumwa sana". Ukurasa wa nyuma uwe wa ukoo, upande wa mama kushoto na upande wa baba kulia: nani aliumia, nani alivuja damu, nani alichelewa kupata mtoto, nani ana vichwa, nani ana seli mundu. Binti apige simu likizo ikifika, aulize. Shangazi wengi watashangaa kuulizwa, halafu watasema mengi.

Mpelekeni hospitali bila kusubiri kurasa hizo zijae kama maumivu yalianza na hedhi ya kwanza kabisa na kuzidi kila mwezi, maana huenda njia ya kutokea damu ya hedhi imeziba. Au kama yanakuja hata nje ya hedhi, kama damu ni ya kiwango tulichotaja, au kama mama au dada amewahi kuambiwa ana endometriosisi. Wengine wote, mizunguko mitatu ya dozi kamili isipofaa, waende na daftari lao. Kwenye barua ya rufaa msiandike "tumbo la hedhi". Andikeni umri wake, mwezi aliovunja ungo, mwezi maumivu yalipoanza, dawa na miligramu, ndugu walioathirika kwa pande zote mbili, na siku alizokosa masomo tangu Januari.